Kikomo cha miunganisho ya seva ya baruapepe

Kikomo cha miunganisho ni idadi ya juu kabisa ya miunganisho ambayo seva ya baruapepe hukubali kwa wakati mmoja, ama kwa jumla, ama kutoka kwa kompyuta moja. Kikomo hicho kikifikiwa, seva hukataa kwa muda muunganisho unaofuata. Mtumaji huona kosa lenye msimbo 421, au ujumbe wake huchelewa bila maelezo yoyote. Kosa hili halimaanishi kwamba anwani ya mpokeaji ina makosa, wala kwamba ujumbe umepotea.

Sababu ya kuwapo kwa kikomo

Baruapepe husafiri kutoka seva moja hadi nyingine kwa itifaki ya SMTP, iliyoelezwa na Jon Postel mwaka 1982 katika hati ya RFC 821. Hati ya RFC 5321 ya mwaka 2008 ilichapishwa kuiboresha. Seva inayotuma hufungua muunganisho kwenye mlango namba 25 wa seva inayopokea, hukabidhi ujumbe, kisha hufunga. Kila muunganisho hutumia sehemu ya RAM ya seva inayopokea. Bila kikomo, mtumaji mmoja angeweza kushika nafasi zote na kuwazuia wengine.

Kila programu ina mpangilio wake wa awali. Postfix huruhusu miunganisho 50 kutoka kwa mteja mmoja, na Exim hupokea miunganisho 20 kwa jumla. Msimamizi wa seva anaweza kubadilisha namba hizo.

Kusoma msimbo wa kosa

Jibu la seva huanza na tarakimu 3, na ile ya kwanza ndiyo yenye uzito. Namba 2 huonyesha kwamba ombi limekubaliwa, 4 kwamba limekataliwa kwa muda, na 5 kwamba limekataliwa kabisa. Kwa hiyo 421 ni tofauti sana na 550, ambayo mara nyingi hutolewa sanduku la mpokeaji lisipokuwapo. Kwa 550, kusubiri hakusaidii.

Seva inayotuma ikipata jibu la 4, huweka ujumbe kwenye foleni. RFC 5321 inashauri isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Watu wengi hawalijui hilo, hivyo hutuma ujumbe uleule tena na tena. Foleni hurefuka, na mwishowe mpokeaji hupata nakala zote kwa pamoja.

Usalama huu wa foleni haupo kila mahali. Mfumo wa shule au duka la mtandaoni unaoongea moja kwa moja na seva ya nje huenda usiwe na foleni. Ukipata 421 na programu haikuandikwa kujaribu tena, ujumbe hupotea kweli. Ni salama zaidi mfumo kama huo ukabidhi ujumbe kwa seva ya karibu yenye foleni.

Vyanzo na utatuzi

Kazi huanza kwenye logi ya seva, ambayo huonyesha ni anwani gani ya IP iliyokataliwa na saa ngapi. Jambo la kuchunguza mapema ni kama kuna akaunti iliyoibiwa nenosiri au kompyuta yenye virusi inayotuma barua taka. Kuongeza kikomo katika hali hiyo ni kumfungulia mwizi mlango.

Kama watumaji ni halali, huenda wanatumia anwani moja ya IP. Ofisi au chuo kizima kinaweza kutoka kwenye intaneti kwa anwani moja, na seva ya mbali huwahesabu wote kama mteja mmoja. Mtandao unaokatikakatika nao huchangia: muunganisho uliokufa upande mmoja huendelea kuhesabiwa hadi muda wake wa kusubiri uishe, ambao RFC 5321 inashauri usipungue dakika 5.

Mara nyingi dawa iko upande wa kutuma. Postfix hufungua hadi miunganisho 20 kwa wakati mmoja kuelekea mahali pamoja. Mpangilio wa smtp_destination_concurrency_limit unaweza kuipunguza hadi 2 au 3. Pia muunganisho mmoja unaweza kupitisha barua nyingi mfululizo bila kufungwa. Upande wa kupokea, kikomo huongezwa baada ya kupima RAM iliyopo, na ni afadhali kukiongeza kwa mtumaji anayejulikana tu kuliko kwa kila mtu.

Vikomo vya kusoma barua

Itifaki ya IMAP, inayotumika kusoma barua, ina vikomo vyake. Gmail huruhusu miunganisho 15 kwa akaunti moja. Dovecot, kwa mpangilio uliozoeleka, huruhusu 10 kwa kila mtumiaji kutoka anwani moja ya IP. Thunderbird peke yake inaweza kufungua 5, hivyo mtu mwenye kompyuta 2 na simu kwenye mtandao uleule wa ofisi anaweza kukivuka bila kujua. Kosa hilo halizuii barua kumfikia. Huzuia kifaa chake kuzisoma. Hutatuliwa kwa kupunguza miunganisho katika mipangilio ya programu au kufunga akaunti kwenye vifaa visivyotumika.