Gobori na uongo wa mtutu mrefu

Wasee wa Busia na Malaba, hii story ati gobori lililenga vizuri juu ya mtutu mrefu tuiache. Misafara ya Pwani ilifika Mumias na bunduki ikitafuta pembe za ndovu, kabla Waingereza watawale. Mtutu mrefu huipa baruti nafasi ya kuungua, risasi itoke na kasi. Sawa. Lakini mengi ndani yalikuwa laini, hayana mifereji ya kuizungusha risasi, na risasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko tundu. Inagongagonga ikitoka. Ongeza futi nzima, bado itapotea njia. Kisha ujaze tena kwa mdomo, ushindilie. Chetambe, 1895, Wabukusu walikutana na Maxim: risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Kulenga kungesaidia nini?