Kukomaza Hodhi: Istilahi na Maana Yake

Mtu anunuaye hodhi la vioo la kufugia samaki wa mapambo, akatandaza changarawe, akajaza maji matamu na kutia chujio na pampu ya hewa, aghalabu hudhani kazi imekwisha na kwamba samaki waweza kutiwa jioni ile ile. Kumbe hodhi lile, ijapokuwa maji yake yang'aa, bado ni changa, na samaki watiwao humo kwa wingi hufa mmoja baada ya mwingine katika wiki za mwanzo, pasipo mwenyewe kutambua sababu.

Sababu ni amonia. Samaki huitoa kwa matamvua yake, na chakula kilichosazwa kikioza huizidisha, nayo ni sumu. Mitoni na maziwani vimo vijidudu viigeuzavyo, ambavyo hodhi changa bado halina vya kutosha: kundi la kwanza, ambamo wamo Nitrosomonas, huifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huingia damuni na kuizuia kuchukua oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawia; kundi la pili huifanya nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni haba maadamu sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyevitenga vijidudu vya namna hii mnamo mwaka 1890.

Waingereza wameliita tendo la kuvikuza vijidudu hivi hodhini kwa neno lenye maana ya kuzungusha. Katika vitabu vyetu vya sayansi "mzunguko wa nitrojeni" ni istilahi sahihi, nayo yahusu safari yote ya nitrojeni hewani, ardhini na ndani ya viumbe. Lakini ukimwambia mfugaji "zungusha hodhi lako", atakwenda kuiwasha pampu. "Kuivisha" nako kwanuka jikoni. Mimi naona neno lifaalo ni kukomaza, kwani nazi hukomaa kwa muda wake yenyewe, na hakuna awezaye kuiharakisha kwa kuitikisa.

Tena na tuseme kukomaza hodhi, wala tusiseme kukomaza maji. Tofauti hii si ya lafudhi tu, maana vijidudu hivyo kwa sehemu kubwa havielei majini, bali hugandamana na sifongo ya chujio, changarawe na mawe; hivi kwamba mtu aweza kubadili maji mengi na hodhi likabaki limekomaa, ilhali yule aoshaye sifongo yake chini ya bomba lenye klorini aweza kuua vijidudu vyake vingi kwa dakika chache, naye adhani amefanya usafi. Sifongo husuuzwa kwa maji yaliyotekwa hodhini humo humo.

Ama jinsi ya kukomaza, kwanza maji ya bomba huondolewa klorini kwa dawa yake. Kisha hutiwa amonia, kadiri ya miligramu 2 kwa lita, au chakula kidogo cha samaki kiozee humo, na chujio huachwa likienda usiku na mchana. Dawa ya matone ya kupimia amonia iliyo ya kawaida hubaki manjano pasipo amonia, na huwa kijani ikiwapo. Kijani hicho kitafifia, nitriti itapanda, kisha nayo itashuka. Na siku amonia iliyotiwa leo ipimwapo kesho, ikakutwa pamoja na nitriti zote ni sifuri, hodhi limekomaa. Muda wake kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, nao hufupika sana hodhi likipewa kipande cha sifongo kutoka hodhi la zamani lisilo na maradhi. Wafugao samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao hukaribia pH 9, hawana ruhusa ya kukata njia, kwa kuwa amonia huzidi ukali katika maji ya namna hiyo.

Nawasihi wauzao samaki wamwambie kila mnunuzi mpya neno hili, na wamuuzie hodhi na dawa ya kupimia kwanza, samaki wafuate baadaye.