Asidi ya Yuriki na Unene wa Kupindukia: Tatizo Si Nyama Pekee

Mtu akipimwa damu na kuambiwa asidi ya yuriki imepanda, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni aache nyama. Kwa mwenye unene wa kupindukia, ushauri huo hautoshi.

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunja pyurini, kemikali iliyomo ndani ya seli zetu na kwa wingi katika maini, nyama nyekundu, dagaa na kamba. Nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe. Figo hutoa takriban theluthi mbili kwa njia ya mkojo, iliyobaki hutokea utumboni. Kiwango huhesabiwa kuwa juu kikipita miligramu 7 kwa desilita ya damu kwa wanaume, na 6 kwa wanawake.

Unene wa kupindukia ni ule ambao uwiano wa uzito na urefu umefika 40. Mtu wa urefu wa mita 1.6 hufika hapo akiwa na kilo 103 hivi.

Kwa nini hupanda?

Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mwili hauitikii insulini ipasavyo, nayo kongosho huzidi kuimwaga. Insulini ikiwa nyingi, figo huirudisha asidi ya yuriki kwenye damu badala ya kuitoa. Sukari nayo ina mchango wake: ini likivunja fruktosi ya soda na juisi, asidi hiyo huzalishwa. Ndiyo maana mtu huacha nyama, akabaki na soda zake, na kipimo kisishuke.

Kipimo kinasema nini?

Dalili ya mvua ni mawingu. Kiwango cha juu mara nyingi huandamana na presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu na ini lenye mafuta. Hayo yote yapimwe, pamoja na figo. Wengi wenye asidi iliyopanda hawapati jongo wala vijiwe vya figo, na asiye na dalili kwa kawaida hapewi dawa ya kuishusha.

La kufanya

Punguza uzito polepole. Kujishindisha na njaa huipandisha asidi kwa muda. Hata waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo wanaweza kushikwa na jongo majuma ya mwanzo, kabla kiwango hakijashuka.

Soda na juisi za sukari ziachwe, na maji yanywewe ya kutosha. Pombe, hasa bia, huongeza hatari. Maharagwe, pojo na kunde hazina haja ya kuogopwa. Hazijaonekana kuongeza jongo.

Baadhi ya dawa za presha, zile za kukojoza, huipandisha asidi hii. Usiziache kwa hiari yako. Mwulize daktari kama ipo nyingine inayokufaa.

Kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla, kikawa chekundu na kuuma usiku kucha, usingoje kipoe chenyewe. Nenda ukapimwe.