Syokimau: Mtaa uliorithi jina la mtabiri wa reli

Syokimau ni mtaa wa pembezoni katika Kaunti ya Machakos, eneo la Mavoko, kusini mashariki mwa jiji la Nairobi. Umekaa katika nyanda za Athi, kati ya Barabara Kuu ya Mombasa na Katani. Kaskazini umepakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Udongo wake ni ule mweusi unaonata, ambao huwatesa madereva wakati wa masika na wajenzi mwaka mzima.

Jina ni la mwanamke. Wakamba husimulia kwamba Syokimau, mtabiri wa milima ya Iveti, alitabiri katika karne ya 19 kuja kwa watu wa rangi ya nyama mbichi, waliobeba moto mifukoni, na nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka bahari hata bahari. Kiberiti na reli vilipofika, wazee hawakuhitaji mkalimani.

Ajabu ni kwamba nyoka huyo hakupita Iveti. Reli iliuacha mji wa Machakos kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala wa mkoa yakahamishiwa huko mwaka huohuo. Njia ya chuma ilikatiza nyanda hizi, ambazo wakati huo zilikuwa malisho ya mifugo na wanyama pori. Miaka mia moja na zaidi baadaye, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha garimoshi cha Syokimau, na mwaka 2017 kituo kikuu cha Nairobi cha reli ya kisasa kikaanza kazi jirani.

Kukaribiana na uwanja wa ndege kumewagharimu baadhi ya wakazi. Novemba 2011 matingatinga yalibomoa nyumba nyingi kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja huo, ijapokuwa wenye nyumba walisema walikuwa na hatimiliki.

Jirani yake, Mlolongo, hana nabii. Jina lake husemekana kutokana na misururu ya malori yaliyongoja zamu kwenye mizani ya barabara kuu. Tangu uchaguzi wa 2013 majina hayo mawili yameunganishwa katika wadi moja, Syokimau/Mulolongo, la pili likiandikwa kwa matamshi ya Kikamba.