Sauti Zisizo na Maneno: Likembe na Gitaa katika Masanganjia ya Kalemie

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuitafuta historia katika maneno: utenzi, barua, methali, wimbo. Ala inapopigwa peke yake, bila mwimbaji, aghalabu huachwa nje ya uchunguzi wao. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yamewanyima wasomi ushahidi mwingi, na kwamba Kalemie ni mahali pazuri pa kuanza kuufidia upungufu huo.

Kalemie, uliokuwa ukiitwa Albertville wakati wa utawala wa Wabelgiji, ni masanganjia, kama wanavyoita njia panda wasemaji wa Kiswahili cha Kongo. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani ilifika Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, ikafika Albertville. Watabwa, Waholoholo, Wabembe na Waluba walikutana bandarini na karakanani na watu wa mbali zaidi. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kilichokwisha kuvuka ziwa na misafara ya karne ya 19. Kinachosahauliwa ni kwamba njia za namna hiyo zilipitisha pia sauti.

Mfano wa kwanza ni likembe, kisanduku cha mbao chenye vipande vyembamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Gerhard Kubik ameeleza jinsi ala hii ilivyotoka sehemu za chini za mto Kongo na kusambaa pamoja na wapagazi na watumishi wa wakoloni. Ilikuwa nyepesi, iliweza kupigwa huku mtu akitembea, nayo ilimliwaza msafiri. Ilifika hata kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi huiita lukeme. Mwanaisimu hana haja ya kutafuta mbali: jina hilo ni stakabadhi ya safari. Ala isiyosema neno imebeba neno moja, lile la kuitambulisha kwao.

Mfano wa pili ni gitaa la Katanga. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akarekodi kipande kiitwacho Masanga. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba kikishika mwendo wa chini, shahada ikijibu juu. Maneno yanaposikika si mzigo mkuu. Gitaa ndilo linalosema. David Rycroft aliandika nota za upigaji huo katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akauchunguza kama sanaa ya kubuni papo kwa papo. Santuri zilizotolewa na kampuni ya Gallo zilisikika hadi Kenya, na wapigaji wa huko wakajifunza kwa masikio. Mwenda alifariki mwaka 1990.

Mfano wa tatu unatoka Kinshasa. Katika miaka ya 1960 Mawangu Mingiedi aliunda kundi la Konono No. 1, akazitia likembe umeme kwa vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vyombo vya magari. Muziki huo wa Wazombo ukatoka na mkwaruzo mkali kwenye vipaza sauti. Mwaka 2004 sahani ya Congotronics ilipotolewa Ubelgiji, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliusifu kama muziki wa majaribio. Lakini shida ya Mingiedi ilikuwa kusikika katika kelele za jiji bila kuuacha urithi wa wazee wake. Jaribio lilikuwapo, ila lilizaliwa na haja, wala si na nadharia.

Hapa neno kugundua linahitaji kupimwa. Husemwa kwamba Tracey alimgundua Mwenda, na kwamba Ulaya iligundua Konono. Wakazi wa Likasi na wa Kinshasa walikuwa wakisikiliza tangu awali. Kilichogunduliwa, kwa kweli, ni soko na kumbukumbu. Hata hivyo shukrani zinastahili: bila kinasa sauti cha Tracey sehemu kubwa ya sauti hizo ingepotea. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 ingali Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Tatizo ni umbali: mwanafunzi wa Kalemie anayetaka kusikiliza muziki uliorekodiwa Katanga mwaka 1952 hutegemea hazina iliyoko nchi nyingine.

Kuna kazi, basi, isiyongoja fedha za kigeni. Kila mpigaji ana majina ya nyuzi zake, ya namna za kuzikaza, ya mitindo ya vidole, ya vipande visivyo na mashairi. Msamiati huo ni Kiswahili, au Kiswahili kilichochanganyika na Kitabwa na Kiluba, nao haumo kamusini. Mpigaji anapokufa, huondoka na sauti pamoja na majina yake. Sauti huenda ikawa imehifadhiwa ugenini. Majina yako vinywani mwa wazee wa hapa, na daftari la mwanafunzi linatosha kuyapokea. Wanaisimu wakichelewa, watabaki na muziki wasioweza hata kuutaja.