Jina la Farsy na Asili Yake

Kila asubuhi mwalimu alipofungua rejista tuliitikia majina ya koo zetu bila ya kujiuliza yametoka wapi. Leo tulitazame moja linalojulikana sana hapa Unguja, nalo ni Farsy.

Jina hili ni nisba, yaani humtaja mtu kwa mahali ilikotoka asili yake, kama Waingereza walivyo na jina la Scott, mtu wa Scotland. Fars ni mkoa ulioko kusini mwa Iran. Wenyeji wa kale waliuita Parsa, lakini kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya "p", Waarabu walitamka Fars. Nisba hii aliichukua Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume. Na karne nyingi baadaye Kamal al-Din al-Farisi, mtaalamu aliyetumia tufe la kioo lililojazwa maji kueleza rangi za upinde wa mvua.

Kwetu anakumbukwa zaidi Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli, akawa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969. Alifariki Oman mwaka 1982. Naye Muhammad Saleh Farsy alituachia "Kurwa na Doto", kitabu cha mwaka 1960 juu ya maisha ya kijiji cha Unguja.

Sasa fungueni ramani. Mji mkuu wa Fars ni Shiraz, na huko ndiko lilikotoka jina la Shirazi, ambalo wenyeji wengi wa Unguja na Pemba walijiita, na ambalo chama cha Afro-Shirazi kilichukua mwaka 1957. Siasa za miaka ile ziliwagawa watu kwa asili zao. Shirazi likahesabiwa la wenyeji, Farsy likahesabiwa la Waarabu wa Oman, na katika mwaka 1964 wako waliouawa kwa sababu ya asili waliyohesabiwa. Kumbe majina yote mawili yanaelekeza kwenye mkoa mmoja, ng'ambo ya bahari, na wenye majina hayo walikuwa wakizungumza Kiswahili kimoja.

Kwa hivyo, wanafunzi mlioko madarasani, mwenzenu akiitikia jina lake, msifanye haraka kumpimia ugeni au uenyeji. Muulizeni habari za babu zake, nanyi mumsimulie za wenu.