Dolbadarn: Mnara wa Wenye Nchi

Kaskazini mwa Wales, chini ya mlima Snowdon ambao wenyeji wenyewe huuita Yr Wyddfa, yapo maziwa mawili bondeni, Padarn na Peris. Kati yake kimeinuka kilima cha mwamba, na juu ya kilima umesimama mnara wa mviringo usio na paa. Huo ndio mnara wa ngome ya Dolbadarn. Kutoka mji mdogo wa Llanberis ni mwendo mfupi wa miguu, na kiingilio hakuna.

Wageni wengi hawafiki. Huishia Caernarfon, Conwy, Harlech na Beaumaris, ngome nne ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 1986. Ni majengo ya kustaajabisha, sibishi. Lakini zote nne ni za Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliyezijenga ili kuikaba nchi aliyoiteka, na fundi wake mkuu, James wa Saint George, alitoka Savoy. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Cairati. Dolbadarn ni ya wenye nchi.

Aliyeijenga ni Llywelyn ap Iorwerth, mtawala wa Gwynedd aliyefariki mwaka 1240, ambaye watu wake humwita Llywelyn Mkuu. Hakuwa mtu wa kujifungia milimani. Alimuoa Joan, binti wa Mfalme John wa Uingereza, na minara ya mviringo ya mabwana wa mpakani aliijua vizuri. Akauchukua mtindo wao na kuusimamisha kwenye mlango wa bonde, mahali ambapo anayetaka kupenya milimani hana budi kupita mbele ya macho ya mlinzi.

Mawe yenyewe yanasimulia. Kuta za uwanja zilipangwa kavu, bila chokaa, na leo sehemu kubwa imebaki misingi tu. Mnara ulijengwa kwa chokaa, na bado una kimo cha mita 15 hivi. Mlango wake hauko chini bali ghorofa ya kwanza, ili adui apande kwanza ndipo apiganie kuingia. Chumba cha chini kilikuwa ghala. Ngazi ya mawe inazunguka ndani ya unene wa ukuta, na anayepanda hulazimika kuinamisha kichwa. Ukisimama ndani ukatazama juu, unaona anga tu. Sakafu zote zimekwenda.

Kuta hizi ziliona pia uchungu wa ndugu kwa ndugu. Mwaka 1255, pale Bryn Derwin, Llywelyn ap Gruffudd, mjukuu wa yule Mkuu, aliwashinda ndugu zake vitani. Kaka yake Owain akafungwa hadi mwaka 1277, zaidi ya miaka 20, na mapokeo yanasema kifungo hicho alikitumikia katika mnara huu. Mchoraji Turner aliishika habari hiyo: picha yake ya Dolbadarn, iliyoonyeshwa London mwaka 1800, ina mnara mweusi juu kabisa na watu wadogo chini yake.

Kisha Edward akaja. Tarehe 11 Desemba 1282 Llywelyn aliuawa. Mdogo wake Dafydd akaendeleza vita milimani hadi alipokamatwa mwaka uliofuata na kunyongwa Shrewsbury. Dolbadarn ilikuwa miongoni mwa ngome zake za mwisho. Haikupita miaka miwili, washindi wakaja kuchukua mbao za ngome hii, wakazipeleka Caernarfon kujengea ngome mpya ya mfalme.

Jambo hilo ndilo linaloipa Dolbadarn uzito kuliko ukubwa wake. Uporaji wa namna hii kwa kawaida tunausoma vitabuni. Hapa unauona kwa macho, ndani ya mnara uliobaki ganda. Kwa hiyo nakuomba wewe utakayejaliwa kufika Caernarfon: ukishamaliza kuustaajabia ukuta wa Edward, tenga nusu siku uende Llanberis. Si mbali, ni kilomita kumi na kidogo tu. Panda kilima, ingia mnarani, uone mbao zile zilikotoka.